Majina Mawili Yaliyorudi na Askari: Uhakiki wa Filamu «The Siege of Jadotville»

1. Utangulizi

Katika hadithi nyingi za vita, kurudi nyumbani hupewa nafasi ndogo. Ndege inatua, mke analia, watoto wanamkimbilia baba yao, na hadithi inakwisha. Msimulizi huona kwamba kazi yake imemalizika pale bunduki ziliponyamaza. Filamu «The Siege of Jadotville», yaani «Kuzingirwa kwa Jadotville», iliyoongozwa na Richie Smyth na kutolewa mwaka 2016, ilikuwa na kila sababu ya kufuata njia nyingine. Kisa inachokieleza ni cha askari wa Ireland ambao vita vyao vilidumu siku tano tu, lakini kurudi kwao nyumbani, kwa maana ya kupokewa na kuaminiwa, kulichukua zaidi ya miaka 50.

Kwa wasomaji wa Lubumbashi na Likasi kisa hicho si cha mbali. Jadotville ndiyo Likasi, Elisabethville ndiyo Lubumbashi, na mto Lufira, ambao katika kisa hiki uliwatenga askari na wenzao, unavukwa na barabara inayounganisha miji hiyo miwili. Ni ajabu basi kwamba filamu ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa Afrika Kusini inajadiliwa sana huko Ulaya, na huku kwenye kisa chenyewe haikujadiliwa kiasi hicho.

Uhakiki huu unaitazama filamu kwa upande mmoja: namna inavyowarudisha askari kwao. Mtu aliyetumwa ng'ambo kulinda amani anaporudi, anarudi na nini? Waairishi hao walirudi, pamoja na mengine, na majina mawili ya Katanga. La kwanza lilikuwa la mji, la pili la watu. Majina yote mawili yaligeuzwa matusi nchini Ireland. Filamu imelisafisha la kwanza kwa juhudi inayostahili sifa. La pili imeliacha palepale.

2. Kisa chenyewe

Askari wa Umoja wa Mataifa, ambao Wakongomani walizoea kuwaita kwa kifupi ONU, walianza kuingia nchini Julai 1960. Waairishi walikuwa miongoni mwa waliofika mwaka huo huo. Kwa jeshi dogo la nchi isiyokuwa na makoloni, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kupeleka vikosi vizima mbali namna hiyo. Kila batalioni ilikaa takriban miezi sita, kisha ikabadilishwa na nyingine.

Mnamo Septemba 1961 kompania A ya batalioni ya 35, yenye watu takriban 155, ilipelekwa Jadotville chini ya Komanda Pat Quinlan. Ilitumwa kuwalinda wakazi, hasa Wazungu wa mjini, ambao wengi wao hawakuitaka ONU hata kidogo. Asubuhi ya tarehe 13 Septemba, siku ile ile ambayo ONU ilianzisha operesheni yake mjini Elisabethville, askari hao walishambuliwa wakiwa katika misa ya hadhara. Washambuliaji walikuwa jandarma wa Katanga pamoja na mamluki, na ndege moja ya kivita iliyowarushia mabomu. Waliotoka Elisabethville kuja kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Maji yaliisha, chakula kiliisha, risasi zikakaribia kwisha. Tarehe 17 Quinlan alisalimu amri. Usiku huo huo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifariki ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola.

Hakuna Mwairishi hata mmoja aliyeuawa katika siku hizo tano, watano walijeruhiwa. Wote walikaa kifungoni zaidi ya mwezi, wakaachiliwa mwishoni mwa Oktoba, na Desemba 1961 wakarudi kwao. Huko hawakupewa nishani. Kusalimu amri kulihesabiwa aibu, na wakubwa waliona heri jambo hilo lisizungumzwe. Quinlan alifariki mwaka 1997, kabla jina lake halijasafishwa. Uchunguzi wa serikali ya Ireland wa mwaka 2004 ndio uliomwondolea lawama yeye na kompania yake. Kikosi kikapewa heshima rasmi mwaka 2016, na nishani zikatolewa Desemba 2017, wengi wa waliostahili kuzipokea wakiwa wamekwisha kuzikwa.

3. Sifa za filamu

Haki itendeke: filamu hii ina uzuri wake. Jamie Dornan, aliyeigiza Quinlan, hamfanyi komanda huyo kuwa shujaa wa kelele. Ni mtu wa kazi, anayewahimiza vijana wake wachimbe mahandaki wakati wao hawaoni haja, na ambaye elimu yake ya vita ni ya vitabuni mpaka siku anapolazimika kuitumia. Mtazamaji anaelewa mapema kwamba wengi wa vijana hao hawajawahi kupiga risasi vitani. Hofu yao ni ya kweli, na utani wao ni wa kweli pia.

Jambo la pili la kusifiwa ni kwamba filamu haikubali jibu jepesi kuhusu kusalimu amri. Katika fasihi ya vita ya mataifa mengi, askari mwema ni yule aliyekufa. Hapa komanda anapima maisha ya watu wake dhidi ya vita ambavyo haviwezi tena kuwa na faida, anachagua maisha, na filamu inasimama upande wake bila kigugumizi. Huo ni ujasiri wa maudhui.

Pungufu moja linaonekana katika ujenzi wa Conor Cruise O'Brien, mwakilishi wa Umoja wa Mataifa huko Katanga, anayeigizwa na Mark Strong. Filamu inamtwika karibu lawama yote, naye anabaki mhusika bapa: mwanasiasa mwenye kiburi anayechezea maisha ya askari. Historia ni nzito kuliko hapo. O'Brien mwenyewe aliondoka katika utumishi wa Umoja wa Mataifa Desemba 1961, mwezi ule ule ambao kompania A ilirudi nyumbani, na mwaka 1962 alichapisha kitabu kueleza na kutetea aliyoyafanya Katanga. Tofauti hiyo ingeweza kuwa kiini cha hadithi: watu waliotoka mahali pamoja, mmoja akiwa na kalamu na wachapishaji, wengine wakiwa chini ya nidhamu inayowataka wanyamaze. Filamu imeipita tofauti hiyo bila kuiona, kwa sababu ilikwisha kuamua nani ni mbaya.

4. Muda wa kungoja

Udhaifu mkubwa wa ujenzi, hata hivyo, uko katika mgawanyo wa muda. Katika dakika takriban 108 za filamu, siku tano za mapigano zinachukua sehemu nono. Kifungo cha zaidi ya mwezi na wiki zilizofuata kabla ya safari ya kurudi vinapitishwa kwa haraka kama daraja la kuvukia.

Lakini hapo ndipo hadithi ya kurudi ilipoanza. Askari anayejiandaa kurudi kwao hafungi sanduku la nguo tu. Anafunga pia maneno. Anachagua lipi atamweleza mama, lipi atamweleza mke, lipi litasemwa baa mbele ya wenzake, na lipi litabaki kifuani. Kwa kompania A kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kawaida. Walijua wameshikilia mahali pao dhidi ya watu waliowazidi kwa wingi, na kwamba hakuna aliyekufa kati yao. Walijua pia kwamba neno litakalowatangulia nyumbani ni moja: walisalimu amri. Mtu anayetazamia kupokewa kwa neno kama hilo huyatafutaje maneno yake mwenyewe? Vijana hao, walipokuwa wameketi kifungoni siku baada ya siku, waliambiana nini juu ya siku ya kufika?

Swali hilo lingefaa kuulizwa kwa utulivu, chumbani, bila bunduki. Badala yake filamu inawaruhusu wahusika wake wafike Ireland, na hapo tu ndipo Quinlan anapofahamu kwamba wakubwa wanataka jambo lizikwe. Kwa hiyo kunyamazishwa kunaonekana kama pigo la ghafla kutoka juu. Ukweli wa kunyamaza, jinsi unavyoingia kidogo kidogo katika kinywa cha mtu mpaka akauona ni tabia yake, haukuonyeshwa. Maandishi ya mwishoni, yanayomwarifu mtazamaji kwamba heshima ilikuja baadaye, yanaifunga miaka mingi ya nyumbani katika sentensi chache.

5. Jina la kwanza: Jadotville

Jina Jadotville lilitokana na Jean Jadot, Mbelgiji mmojawapo wa waanzilishi wa kampuni ya madini ya Union Minière. Lilikuwa jina la ukoloni juu ya mahali palipokuwa na jina lake, na mwaka 1966 lilifutwa, Likasi likashika nafasi yake. Tangu hapo, kwa watu wa mji huo, Jadotville ni neno la wazee na la ramani za zamani.

Nchini Ireland neno hilo liliendelea kuishi maisha mengine. Miongoni mwa wanajeshi, askari aliyekuwa katika kisa hicho aliweza kuitwa «Jadotville Jack». Maana yake ilikuwa wazi kwa kila aliyelisikia: wewe ni yule aliyenyosha mikono. Kwa lugha ya isimu, jina la mahali lilipoteza mahali pake. Waliolitamka hawakufikiri mji wa shaba wenye mitaa na watu, walifikiri kosa. Neno moja likatosha kufunga mjadala mzima, na aliyetukanwa hakuwa na la kujibu, kwa sababu jibu lingetaka hadithi ndefu ambayo hakuna aliyetaka kuisikiliza.

Hapa ndipo filamu ilipofanya kazi yake bora. Kwa kuliweka jina hilo katika anwani, na kulijaza tena mahandaki, kiu, na nyuso za vijana, imelirudishia hadithi yake. Leo Mwairishi anayelisikia neno Jadotville husikia ushupavu. Ni nadra kwa kazi ya sanaa kubadilisha maana ya neno katika kizazi kimoja. Ni kweli kwamba haikufanya kazi hiyo peke yake: askari wenyewe walikuwa wamedai haki kwa miaka mingi, na Declan Power alikwisha kuandika kitabu ambacho filamu ilikitegemea. Lakini ni filamu iliyolifikisha neno hilo kwa umma mpana.

6. Jina la pili: Baluba

Jina la pili lilitangulia la kwanza kwa miezi kumi. Tarehe 8 Novemba 1960, huko Niemba, kaskazini ya Katanga, doria ya Waairishi 11 ilishambuliwa na wapiganaji wa Kiluba. Tisa kati yao waliuawa. Msiba huo ulitikisa Ireland nzima. Makundi makubwa ya watu yalijaa barabara za Dublin siku ya mazishi. Hakuna msomaji mwenye moyo atakayeudharau uchungu huo.

Kutokana na uchungu huo lilizaliwa neno. Katika Kiingereza cha Ireland «Baluba» likawa namna ya kumwita mtu mkali, mtu asiyeaminika, mtu aliyepandwa na wazimu. Lilitumiwa na watu ambao hawakuijua Kongo wala hawakupata kumwona Mluba. Hata umbo lake linaonyesha jinsi lilivyong'olewa kwenye lugha yake. Katika Kiluba, kama katika lugha nyingi za Kibantu, ba- ni kiambishi cha wingi cha ngeli ya watu: Muluba mmoja, Baluba wengi. Huko Ireland mtu mmoja aliitwa Baluba, na wengi wakaongezewa -s ya Kiingereza, yaani wingi juu ya wingi. Kiambishi kinachosema «watu» kilimezwa, na pamoja nacho ilimezwa habari kwamba hawa ni watu.

Habari hiyo ingebadilisha mengi. Baluba wa kaskazini walikuwa wapinzani wa Katanga ya Tshombe, na vijiji vyao vilikuwa vimeshambuliwa na jandarma waliokuwa wakiongozwa na maofisa Wazungu. Wengi wa walioandika juu ya Niemba wanaona kwamba wapiganaji hao walishindwa kumtofautisha Mzungu wa ONU na Mzungu wa Tshombe. Mwaka uliofuata, katika Septemba ile ile ya Jadotville, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi mjini Elisabethville wakitafuta ulinzi wa ONU. Watu ambao jina lao lilikuwa tusi mjini Dublin walikuwa wakilala chini ya ulinzi wa bendera ile ile waliyoitumikia Waairishi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona au asipone, lakini mgeni aliporudi, jina la mwenyeji liliharibikiwa.

Filamu haikuona kwamba hilo nalo ni deni lake. Inaweza kujibiwa kwamba kisa cha Niemba si kisa cha kompania A, na kwamba hakuna filamu inayoweza kueleza yote. Jibu hilo lina nguvu, lakini halitoshi. Filamu hii si masimulizi ya vita tu. Ni kesi inayodai haki ya watu waliohukumiwa kwa neno moja bila kusikilizwa. Mwenye kudai haki kwa hoja hiyo anaifungua hoja yenyewe kwa wengine wote waliotendewa vivyo hivyo, hasa wanapokuwa wenyeji wa nchi ambamo kesi ilitokea.

7. Asiyekuwepo na lake halipo

Methali hii ya Kiswahili inaeleza vyema hali ya Mkatanga katika filamu. Ukimwondoa Tshombe mwenyewe, hakuna mtu wa nchi anayebaki kichwani mwa mtazamaji kwa jina lake. Lugha zinazobeba hadithi ni Kiingereza na Kifaransa. Jandarma wanatokea, wanakimbia, wanaanguka. Makadirio ya wafu wao hutajwa mara nyingi katika maandishi ya Ulaya, daima kama kipimo cha ustadi wa Waairishi. Hayasomwi kama hesabu ya misiba katika nyumba za Katanga.

Suala la lugha lina uchungu wake wa pekee. Inajulikana kwamba wakati wa mapigano Quinlan na makao makuu walitumia Kiairishi katika redio ili maadui wasiwaelewe. Lugha iliyodhalilishwa na utawala wa kigeni kwa karne nyingi, iliyobaki na wasemaji wachache, iligeuka ngao ya wanawe wakiwa mbali. Hiyo ni hazina kwa msimulizi yeyote. Lingeweza kuwa daraja pia, maana upande wa pili wa mahandaki walikuwapo watu ambao nao walikuwa na lugha zao za nyumbani, chini ya amri zilizotolewa kwa Kifaransa. Wenye lugha zilizonyamazishwa walipigana, kila mmoja akimsikia mwenzake kama kelele. Jambo hilo halikufanywa kuwa mhimili wa hadithi.

Wala haiwezi kusemwa kwamba sauti ya upande wa pili haikupatikana. Kati ya mwaka 1973 na 1974 mchoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliichora historia ya nchi katika picha takriban 100, enzi ya Katanga ikiwa ndani yake, na kuzieleza kwa Kiswahili cha mji huo mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1996, miaka 20 kabla ya filamu. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kusema, hakikuulizwa.

Tena jandarma nao walikuwa na kurudi kwao. Katanga ilipoanguka Januari 1963, wengi wao hawakuwa na nyumba ya kurudi wakiwa salama. Baadhi walivuka mpaka kuingia Angola, na walipojitokeza tena nyumbani, katika vita vya Shaba vya 1977 na 1978, wenyewe au wana wao, walikuja na silaha mikononi. Waairishi walirudi wakanyamazishwa. Wapinzani wao walikaa uhamishoni kisha wakarudi kama maadui wa nchi yao. Visa hivi viwili, vikiwekwa bega kwa bega, vinaeleza Jadotville kwa ukamilifu ambao kimoja peke yake hakiwezi kuufikia.

8. Hitimisho

«The Siege of Jadotville» ni filamu nzuri ya vita na filamu nusu ya kurudi. Imewafungulia kinywa wazee waliofungwa kinywa, na kwa hilo inastahili heshima Likasi kama inavyostahili Athlone, walikotoka askari wengi wa kompania hiyo na wanakokumbukwa. Lakini imeutendea mji ule walioulinda kama kiwanja cha kuonyeshea ushujaa, na watu wake kama vumbi lililotimka.

Somo lake halijapitwa na wakati. Katika mwaka 2024 askari wa Umoja wa Mataifa waliondoka Kivu ya Kusini, wakabidhi kambi, wakafunga mizigo, wakaelekea Asia na kwingineko. Nao walirudi na maneno: majina ya vijiji, ya makabila, ya makundi yenye silaha. Yapo yatakayosemwa kwa mapenzi, na yapo yatakayogeuka matusi katika lugha ambazo Wakongomani hawatazisikia kamwe. Wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kuyazuia. Wanaweza, hata hivyo, kuandika kwa lugha yao waliyoyaona wenyeji siku wageni walipokuwa wakifunga mizigo, ili siku filamu nyingine itakapotengenezwa, mtengenezaji asipate kisingizio cha kwamba huku hakukuwa na mtu wa kuulizwa.